Familia ya Mzee Kombo, Tandika

ALHAMISI

06:41 Da Zuhura: Asalaam aleykum wanafamilia. Juma karudi nyumbani jana jioni, Alhamdulillah. Homa imemwachia tangu Jumatatu usiku. Dokta kasema dengue haina dawa yake, dawa ni kunywa, kula na kulala. Naomba tupange zamu ya chakula. Wifi hawezi peke yake, ana mtoto mchanga na huyo Sabra.

06:43 Da Zuhura: Ijumaa mimi. Jumamosi Shangazi. Jumapili kwa Baba Mdogo. Jumatatu Hamisi. Kila mtu ajibu.

06:58 Da Zuhura: Tumo 23 humu. Jibuni.

08:15 Shangazi Mwanahawa: Waaleykum salaam. Jumamosi nipo. Nimpikie nini mwanangu? Nina kuku wa kienyeji mmoja.

08:17 Da Zuhura: Supu shangazi, mafuta ya juu uyaengue. Pilipili usitie kabisa. Mdomo wake bado mchungu, jana wali kaishia kijiko cha tatu. Tia viazi uviponde humo humo na ndizi za kupika mbili. Ale kidogo kidogo mara nyingi, si sahani moja ya kushiba.

08:20 Hamisi: Ndizi tena? Basi wakwe wa Moshi wameshafika. Mtori leteni na bakuli langu 😂

08:21 Rama: Kaka Hamisi naye anaumwa, dalili zimeanzia mezani 😂😂

08:26 Da Zuhura: Jamani. Nimeuliza Jumatatu.

08:31 Mama Sabra: Asanteni sana. Usiku kanywa nusu jagi la ORS na dafu moja. Maji matupu yanamtia kichefuchefu. Magoti yanamuuma mno, anaomba diklopa.

08:32 Da Zuhura: USIMPE

08:33 Hamisi: Diklopa ndiyo yenyewe kwa magoti, mimi natembea nayo mfukoni.

08:34 Da Zuhura: Hamisi nyamaza. Diklopa, Brufen, aspirini, zote hapana, zinaweza kumtoa damu. Panadol tu, kwa kipimo alichoandikiwa.

09:40 Mjomba Saidi: Majani ya mpapai. Ponda, kamua, vijiko viwili asubuhi na jioni. 2014 tulimaliza mpapai mzima wa yule Mpemba.

09:44 Da Zuhura: 2014 naikumbuka vizuri mjomba. Nililala wodini siku tano, chupa ya uji akaniletea jirani. Wa damu yangu niliwaona siku ya kutoka.

09:46 Hamisi: Tumeanza. Dada, yale si tuliyamaliza kwenye arobaini ya Baba?

09:47 Da Zuhura: Mliyamaliza nyinyi barazani. Mimi nilikuwa jikoni.

09:49 Hamisi: Na jiko hilo gesi alinunua nani?

09:52 Bibi Tanga: 🎤 0:38

09:58 Rehema: Kwa ambao hamjafungua sauti, Bibi anasema: "Zuhura. Hamisi. Juma yumo humu na simu anayo kitandani. Anawasoma mnavyohesabiana uji. Mgonjwa haulizwi uji, hupelekewa. Na wa kupeleka leo ni Hamisi, si Jumatatu."

12:36 Hamisi: Sawa Bibi. Naenda.

13:10 Salma: Shikamooni. Nimetoka zamu ya usiku, ndiyo naamka. Chembe sahani za Juma, zile za kugandisha damu, jana zilikuwa 62,000 na zinapanda, japo za kawaida huanzia 150,000. Mjomba, majani ya mpapai hayachukui nafasi ya kipimo cha damu, Jumamosi lazima akapime tena. Juisi ya choya na bitiruti acheni kwanza, akitapika nyekundu hatutajua kama ni damu. Mpeni chungwa, papai, embe, yai la kuchemsha, mtindi akiutaka. Wifi, uwe unamuuliza mkojo. Zikipita saa sita hajakojoa, hanywi vya kutosha. Tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo, fizi au pua zikitoa damu, msisubiri kukuche.

13:12 Salma: Na hilo pipa la uani lifunikwe. Mbu wa dengue anazaliana kwenye maji safi na anauma mchana.

13:14 Rama: Pipa lina mfuniko, mfuniko uko kwa Hamisi tangu harusi 😂

13:15 Da Zuhura: Rama, usicheke, kaufuate leo.

13:29 Juma: Bibi shikamoo. Asanteni wote. Uji nimeukinai, naomba ugali laini na dagaa wa mchuzi. Na msigombane kwa ajili yangu.

17:55 Hamisi: 📷 Ugali, dagaa, mchicha, papai nusu. Kala matonge manne nikimwona, la tano kampa Sabra. Kuinuka kwenda msalani kashika ukuta, kakonda kaka yangu jamani. Kesho asubuhi nampeleka madafu.

17:56 Da Zuhura: Kakojoa?

17:57 Hamisi: Mara mbili nikiwa pale. Si wa njano tena kama wa jana.

17:58 Bibi Tanga: 🤲🏾

18:02 Da Zuhura: Alhamdulillah. Hamisi, ahsante. Jumapili bado. Baba Mdogo, nimeona umesoma.

18:20 Baba Mdogo: Nipo kikaoni. Nitapiga.

18:21 Da Zuhura: Mfuniko je, Rama?

21:47 Da Zuhura: Baba Mdogo, hujapiga.