Naomba ushauri: roshani ya mbao inapitisha joto na maji

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nyumba ya bibi yetu iko hapa Lamu, Mji Mkongwe. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, ndani mchana kutwa hakuna joto. Taabu iko chumba cha juu, kwenye roshani iliyotokeza nje: fremu ya mbao, imepigwa mbao nyembamba nje na ndani, katikati patupu. Jua la alasiri likishaipiga, weka kiganja kwenye ubao wa ndani, utakitoa mwenyewe. Kusi ikivuma na mvua, maji yanapenya kwenye viungo chini ya dirisha.

Fundi anataka tujaze humo katikati povu la kupuliza linaloganda (foam). Mimi sina imani nalo. Unyevu ukinaswa humo mbao zitaoza, na mchwa hatutawaona mpaka washamaliza. Nawaza kujaza makumbi makavu (nyuzi za ganda la nazi), tuache nafasi ya hewa nyuma ya mbao za nje. Lakini panya je?

Sura ya nje siigusi, mji uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001 na kibali ni shughuli. Aliyewahi kujaza ukuta kama huu alitumia nini? Na nianze na viungo au na joto?