Kikundi cha familia: Nyimbo za Baba Mkubwa

Shangazi Mafinga: Kamwene nyote. Leo nimefungua sanduku la bati la marehemu kaka, kumbe madaftari yake ya nyimbo yapo yote na kaseti pia, ila kaseti moja imeota ukungu, hii baridi ya huku itamaliza kila kitu jamani

Ba Mdogo Makambako: Kamwene dada. Hiyo yenye ukungu usiiweke kwenye redio kabisaa, utepe utang'ang'ania humo ndani ukatike

Dada Iringa: Shkamoo shangazi, shkamoo ba mdogo. Mi nina uchungu. Jpili kwaya yetu imeimba ule wa mavuno, kwenye karatasi wameandika MTUNZI HAJULIKANI. Hajulikani vipi na sisi watoto wake tupo??

Shangazi Mafinga: Marahaba mwanangu. Mungu wangu 😢

Dogo Mwanjelwa: Kwani baba mkubwa alisomea wapi muziki?

Ba Mdogo Makambako: Hakusoma popote. Solfa, zile noti za do re mi, alifundishwa na katekista usiku kwa kandili, na gita la kwanza alijitengenezea kwa galoni la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Babu yenu alikuwa mpiga ligombo, lile la Kihehe, ubao umechongwa kama hori, uzi unapita juu kwenda na kurudi na kibuyu cha kukuza sauti, sasa kaka gita akawa analipiga vilevile, dole gumba linashika besi huku anasimulia kisa kizima. Reli ya TAZARA ilipojengwa ile 1970 hadi 75 akapata kibarua, baadae akawa kwenye gengi ya matengenezo hapa hapa Makambako, nyimbo nyingi katunga akitembea juu ya mataruma, alisema hatua za mataruma ndo zinampa mwendo. Jioni anakaa anaandika d r m sauti zote nne, Jmosi huyo na baiskeli kufundisha kwaya za vigangoni. Malipo yake kuku, au debe la mahindi

Dogo Mwanjelwa: Na redioni hakwenda?

Shangazi Mafinga: Enzi hizo kurekodi ni Dar, Redio Tanzania. Alishafunga begi, mama akazidiwa, akabaki kumuuguza. Hakulalamika hata siku moja

Dada Iringa: Basi jina lake lirudi kwenye nyimbo zake. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi hata kama hakusajili popote, na haki inaendelea miaka 50 baada ya kufa. Sitaki hela ya kwaya, waimbe tu, ila waandike jina. Nikipata picha ya ukurasa wenye mwandiko wake nampelekea mwalimu wa kwaya kesho

Shangazi Mafinga: Upo, kasaini chini. Na beti ya tatu mnairuka siku hizi, ile ya wajane, ndo aliyoipenda kuliko zote

Dada Iringa: Hatujawahi hata kuisikia!!

Dogo Mwanjelwa: Kaseti leteni kwangu huku Mbeya, rafiki yangu ana deki nzima, tunachomeka waya kwenye laptop tunarekodi na programu ya Audacity, ni bure. Kaseti ya C60 ni nusu saa kila upande, haiharakishwi. Tuanze na zilizo nzima, yenye ukungu tumtafutie fundi anayejua kuisafisha

Ba Mdogo Makambako: Sawa. Dada wa Mafinga, nauli ya kwenda Mbeya nakurushia saa hii. Hayo madaftari yasiingie kwenye buti ya basi, uyapakate mwenyewe mpaka unafika