Mrejesho: gamba ya kobe wangu yenye vilima
Bandugu, njo miye niliuliza juu ya gamba ya kobe wangu mutoto kupanda vilima-vilima. Jana nilienda ku maonyesho ya reptilia hapa Lubumbashi, nikapita banyoka bila kusimama, moja kwa moja ku bakobe. Mwenye kubachunga akanieleza haiko chakula tu, ni ukavu zaidi, kiangazi yetu tangu mwezi wa tano hewa inakauka sana na gamba inaota vibaya, basi nimuogeshe mu maji ya vuguvugu. Vilima vya zamani havitashuka, ila gamba mupya itaota sawa. Na nikaona kobe wa aina ya Kinixys spekii! Anafunga gamba ya nyuma kama mulango, mama yangu, nilishindwa kuondoka pale. Leo asubui kobe wangu ameshaoga, amekunywa sana.