Picha za simu mpya zimevuja: mistari ya antena ikiongezeka, netiweki inakuwa bora? Na hii yangu imepotea netiweki baada ya kufunguliwa

MwangaJuu (Kigoma)

Wakuu, salaam. Nina maswali mawili yanayokwenda pamoja.

La kwanza: zimezagaa picha za simu inayotarajiwa kutoka. Fremu ni ya chuma na pembeni ina mistari sita ya plastiki, wakati toleo lililopo sokoni lina minne. Wachambuzi wa mitandaoni wanasema mistari kuongezeka maana yake antena zimeongezeka. Kuna ukweli hapo?

La pili: simu ninayotumia ilibadilishwa betri na mfuniko wa nyuma. Tangu hapo, huku Mwanga 4G inashika kwa kusuasua, na nikiteremka Kibirizi inaandika "simu za dharura tu" au inaokota mtandao wa nje ya nchi. Kitochi chenye laini ya mtandao uleule, mahali palepale, kinapiga vizuri. Hii inatengenezeka, au nijipange kwa hiyo mpya? Multimita na bisibisi ndogo ninazo.

MasafaMarefu

Nianze na la picha.

Mistari ile si antena, ni mikato. Fremu ya chuma inakatwa, mkato unajazwa plastiki, na vipande vya chuma vinavyobaki kati ya mkato na mkato ndivyo vinavyofanya kazi ya antena. Wimbi la 900 MHz lina urefu wa sm 33, robo yake ni sm 8 na kidogo, yaani upana wa simu nzima na zaidi. La 1800 MHz robo yake ni sm 4. Kwa hiyo mahali pa kukata panategemea masafa ya wimbi, na pia mkono wa mtu unashika wapi. Mikato sita inaweza kuwa na maana kwamba wameongeza antena za kupokea, na inaweza pia kuwa miwili imewekwa ili pande mbili za simu zifanane. Kwenye picha huwezi kutofautisha.

Mfano mzuri ni iPhone 4. Machi 2010 simu ya majaribio ilisahauliwa kwenye baa huko Redwood City, California, ikafika mikononi mwa Gizmodo, tovuti ya habari za vifaa, na Aprili wakachapisha picha zake za nje na ndani baada ya kuifungua. Mikato ya fremu ilionekana waziwazi miezi miwili kabla mauzo hayajaanza tarehe 24 Juni. Kilichokuja kujulikana baadaye ni kwamba kiganja kikigusa mkato wa kushoto chini, kinaunganisha vipande viwili vilivyotakiwa kukaa mbalimbali, na antena inahama masafa yake. Vipimo vilivyochapishwa wakati ule vilionyesha karibu desibeli 20 zikipotea kwa kuishika tu kawaida. Desibeli 20 ni nguvu kushuka mara 100. Na angalia hili: ile simu ya majaribio ilikuwa imevalishwa kava la kuifanya ifanane na iPhone 3GS, toleo lililotangulia. Kava hilohilo ndilo dawa, maana tarehe 16 Julai Apple ilitangaza kugawa kava bure. Kwa maoni yangu, anayeijaribu simu ikiwa ndani ya kava hawezi kuuona ugonjwa huo.

Ikaja 4S mwaka 2011. Kwa macho ni karibu ileile, ila ilipewa uwezo wa kuhama kati ya antena mbili wakati wa kupiga. Umbo moja, tabia tofauti kabisa. Hicho ndicho picha isichoweza kukwambia.

Halafu jua picha hizo zinatoka wapi. Nyingi ni michoro ya kompyuta inayopelekwa kwa watengeneza kava. Wao wanahitaji vipimo vya nje, matundu ya kamera na vitufe, basi. Kwa hiyo urefu na upana huwa sahihi, ila ndani mle ni mtupu. Ukitaka habari za antena subiri nyaraka za vibali vya taasisi za mawasiliano: TENAA ya China huorodhesha bendi (makundi ya masafa ambayo simu inashika), na FCC ya Marekani huweka ripoti za vipimo vya mionzi zenye kuonyesha antena zimekaa upande gani. Picha za ndani huko hufichwa kwa muda, hadi siku 180, lakini ripoti ya vipimo huwa inatosha.

Na ukiona kidirisha kirefu chenye ncha za duara ubavuni kwenye picha, kama kile cha iPhone 12 za Marekani, hicho ni cha 5G ya masafa ya juu mno. Toleo la nchi nyingine halina, kwa hiyo kwako Kigoma hakina habari yoyote.

Bangwe_Pwani

Mimi nashauri asubiri hiyo mpya tu. Simu ikishafunguliwa na fundi haiwi ileile tena. Au anunue vile vistika vya dhahabu vya kuongeza netiweki, vinabandikwa nyuma ya betri.

FundiGungu

@Bangwe_Pwani vile vistika ni pambo, havijaunganishwa na chochote. Tena chuma kikibandikwa jirani na antena kinaweza kuharibu zaidi. Sawa na kile kibati cha kunasia simu kwenye sumaku ya gari.

@MwangaJuu inatengenezeka, na dalili zako zinanipeleka mahali pamoja. Ila kwanza tuondoe kitochi kwenye mizani. Kitochi kiko 2G, na kwenye 900 MHz kinaruhusiwa kurusha hadi wati 2. Simu yako ikiwa 4G inarusha wati 0.2 tu. Kitochi kupiga mahali ambapo simu janja inashindwa si ushahidi wa ubovu. Tafuta simu janja nyingine, itie laini hiyohiyo, simama palepale, na zote ziwe kwenye 4G.

Vijiti usiviangalie, kila mtengenezaji anahesabu anavyotaka. Piga *#*#4636#*#* kisha ingia kwenye taarifa za simu, au *#0011# kama ni Samsung. Zikigoma, nenda kwenye mipangilio, kuhusu simu, hali ya laini. Soma namba ya dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Kwenye 4G, -80 ni safi, -100 ni ya kuvumilia, ikivuka -110 utaanza kuteseka, -120 hakuna kitu. Namba inachezacheza, kwa hiyo iache mezani dakika moja bila kuigusa, bila kava, ndipo usome. Tofauti ya desibeli 3 hadi 5 kati ya simu mbili ni kawaida. Ikifika 15 au 20, kuna kitu kimeachia.

Onyo kwenye menyu ya 4636: usiiache kwenye "LTE only" (4G pekee) kama simu au laini yako haipigi sauti kupitia 4G. Utaona intaneti ipo ila hakuna simu inayoingia, kisha utamlaumu fundi.

Piga pia *#06#. IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ikitoka tupu au sifuri, tatizo si antena, liko kwenye bodi au programu, na haya ninayoandika hapa chini hayakuhusu. Vilevile kama dBm ni nzuri lakini ukipiga tu inakata na sehemu moja ya simu inachemka, hapo shuku kikuza nguvu cha kurushia. dBm inakuonyesha unachopokea kutoka mnarani, haikuonyeshi unachorusha. Kazi hiyo ni ya blowa (mashine ya hewa moto) na darubini, mpelekee mwenye navyo.

Sasa kufungua. Zima simu, toa laini na kitrei chake, wengi wanasahau kitrei na kukivunjia ndani. Pasha moto kingo za mfuniko kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ziwe moto wa kuunguza kidogo, nyuzi 80 hivi, dakika 2 au 3. Pitisha kadi nyembamba ya plastiki, usiingize zaidi ya milimita chache, maana kwenye simu nyingine waya bapa wa alama ya kidole umebandikwa kwenye mfuniko wenyewe. Skurubu zichore kwenye karatasi kwa mpangilio wake. Hazilingani urefu, na iliyo ndefu ikirudishwa pasipo pake inatoboa bodi.

Chini ya kifuniko cha plastiki utaona bodi kuu juu na bodi ya chaji chini. Antena kuu huwa chini, karibu na tundu la chaji, na mawimbi yanapanda kwenda bodi kuu kwa waya mwembamba mviringo, mweusi au mweupe, unaopita pembeni mwa betri. Simu nyingine zina wawili. Kila ncha ina konekta ndogo kama kitufe, kipenyo chake milimita 2 hivi. Anayebadilisha betri lazima aupite waya huo. Makosa ni yaleyale: konekta haikubonyezwa hadi mwisho, au waya umetolewa kwenye mfereji wake na betri mpya imeukalia.

Ng'oa konekta kwa kuinyanyua wima kwa ncha ya plastiki, kamwe usivute waya. Kurudisha, ilinganishe kwanza, kisha bonyeza kwa kidole bapa hadi usikie kamlio. Ikiwa imepinda na ukalazimisha, mdomo wake unapanuka na haitashika tena. Konekta za aina hii zinahimili kuingizwa na kutolewa mara 30 hivi tu, usiifanye mchezo.

Multimita, iweke kwenye mlio: toa ncha zote mbili za waya kwanza, kwa sababu ikiwa bado iko kwenye bodi, antena nyingine kwa umeme mdogo wa multimita zinasomeka kama zimegusana na ardhi (upande hasi wa bodi) na utadanganyika. Pima kati kwa kati, yaani katikati ya konekta moja hadi katikati ya nyingine, ilie. Ganda kwa ganda, ilie. Kati kwa ganda, isilie kabisa.

Kama waya ni mzima, angalia vispringi vya rangi ya dhahabu kwenye bodi ya chaji na kuzunguka fremu. Vilivyolala viinue kidogo sana kwa kibano. Vyenye ukungu wa kijani vipitishie mswaki laini wenye spiriti ya asilimia 99, si maji ya dukani yenye manukato. Kisha uliza: je, boksi la spika la chini lilibadilishwa? Kwenye simu nyingi za bei ya kati antena imechapwa juu ya boksi hilo, na boksi la kopi linatoa sauti vizuri tu bila kuwa na antena. Ni hivyohivyo kwa mfuniko wa kopi uliopakwa rangi yenye unga wa chuma. Mtihani wake ni rahisi: pima dBm mfuniko ukiwa umetolewa. Ikipanda sana, mfuniko ndio mkosaji.

Skurubu moja ikikosekana nayo irudishe. Si ya kushikilia tu, mara nyingi ndiyo ardhi ya antena.

KalinziMlimani

Naongeza la mahali. Kibirizi uko chini ya kilima na mbele ni maji matupu. Mnara ulio nyuma ya kilima haukuoni, lakini wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika unakuona, kwa sababu juu ya maji hakuna kizuizi. Simu iliyopoteza nguvu ya kusikia inauacha wa nyumbani na kukimbilia chochote. Zima data ya nje ya nchi, kisha chagua mtandao kwa mkono. Orodha ikitoa namba badala ya majina, inayoanza na 640 ni ya Tanzania, 642 Burundi, 630 Kongo.

Jina la mtandao likionekana haimaanishi utapiga. 2G ya kawaida ina ukomo wa km 35 kutoka mnarani, kwa sababu ya muda wa mawimbi kwenda na kurudi. Ndiyo maana walio kwenye boti wanaona vijiti na simu haitoki. Hakuna antena ya simu yoyote, iliyovuja au isiyovuja, inayotibu hilo.

Mkinunua simu, badala ya kuhesabu mistari hesabu bendi. Toleo lenye 4G ya 700 au 800 MHz linafaa zaidi vijijini na kwenye milima. Masafa ya chini yanaingia ndani ya nyumba na kupita kwenye michikichi iliyolowa mvua kuliko ya 2600. Bati la paa linazuia yote, kwa hiyo pima karibu na dirisha.

MwangaJuu (Kigoma)

Shukrani wakuu. Majibu: simu ya kulinganishia -92, yangu -113, zote 4G, bila kava. IMEI ipo. Mfuniko nikiutoa inabaki -112. Waya ni mmoja, mweusi. Kati kwa kati inalia, ganda kwa ganda inalia, na kati kwa ganda nayo inalia. Una alama ya kubonyea karibu na kona ya betri.

FundiGungu

Tofauti ni desibeli 21, na ndani ya waya kati na ganda vimegusana. Umeshajijibu. Usijaribu kuunyoosha wala kuuchomelea, nunua mwingine. Upime urefu kwa rula toka ncha hadi ncha, kwa milimita, na nenda na wa zamani dukani, kwa sababu konekta zina vizazi tofauti na kilichopishana kidogo hakikai. Mrefu kidogo si neno. Mfupi utavutika na kuachia.

Kabla ya kuurudisha, safisha mfereji. Gundi ya betri ikiwa imemwagikia humo, ikwangue kwa plastiki. Laza waya ukae wote chini ya usawa wa betri, bonyeza ncha zote mbili, rudisha kifuniko na skurubu zote, washa, pima dBm kabla ya gundi. Ukiona -90 na kitu, ndipo upake gundi ya B-7000 uzi mwembamba kwenye kingo, ukae mbali na vispringi na tundu la maiki, funga kwa raba na uache usiku kucha.

Ikibaki -110 na waya mpya, rudi kwenye boksi la spika.