Gari inakosa sailensi (haitulii ikiwa imesimama bila kukanyaga mafuta), hitilafu P0171 haiondoki, nishabadilisha plagi na koili. Inavuta hewa wapi?

dereva_wa_zamu:
Wakuu habari za humu. Gari yangu ni silinda nne, lita 1.8, otomatiki. Ikisimama kwenye taa inatetemeka, mshale wa raundi unapanda 900 unashuka 550 unapanda tena, na mara mbili tatu imezima kabisa. Nikikanyaga mafuta inatulia, na barabarani inaenda vizuri tu kama vile haina shida. Taa ya injini inawaka, skana inasoma P0171 na mara moja moja P0300 (silinda kukosa kuwaka). Fundi akasema plagi, nikanunua. Akasema koili, nikanunua mbili. Akasema sensa ya oksijeni, nikanunua, siku ya tatu taa ikarudi. Sasa anataka pampu ya mafuta na hapo ndo nimegoma. Nimenyunyizia dawa ya kusafishia kabureta juu ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) kote, hakuna kilichobadilika. Je bado inaweza kuwa inavuta hewa?

chuma_chakavu:
Pole mkuu. Angalia ule mpira mkubwa wenye mikunjo unaotoka kwenye sensa ya hewa kwenda kwenye throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), huwa unachanika ndani ya mikunjo huwezi kuona mpaka uukunjue kwa mkono. Yangu ilikuwa hivyo hivyo.

SpanaKumi:
Kabla hujanunua kitu kingine chochote, una skana si ndio? Fungua data za moja kwa moja uangalie trimu za mafuta, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza (+) au kupunguza (-), ya muda mfupi na ya muda mrefu, injini ikiwa imeshapata moto. Soma ikiwa sailensi, halafu shikilia raundi 2500 kwa dakika moja hivi usome tena. Leta namba hapa. P0171 inasema tu kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, haisemi kwa nini, kwa hiyo fundi wako anacheza bahati nasibu kwa hela yako.

dereva_wa_zamu:
Nimesoma. Sailensi: ya muda mrefu +22, ya muda mfupi inacheza +2 mpaka +5. Kwenye 2500: ya muda mrefu +4, ya muda mfupi karibu na sifuri. Na sensa ya hewa inaonyesha gramu 1.2 kwa sekunde ikiwa sailensi, sijui kama ina maana.

SpanaKumi:
Ina maana sana. Achana na pampu. Pampu ikichoka injini inakosa mafuta pale inapoyahitaji mengi, yaani unapopanda mlima au unapokanyaga, trimu ingepanda juu huko na sailensi ingekuwa afadhali. Sensa ya hewa ikiwa chafu nayo mara nyingi inakudanganya zaidi kwenye raundi kubwa. Yako ni kinyume, mbaya ikiwa sailensi halafu inapona ukikanyaga, na hiyo ni tabia ya hewa inayoingia nyuma ya throto. Throto ikifungwa, ndani ya manifoldi kunakuwa na mvuto mkali, kitundu kidogo kinanyonya hewa ambayo sensa haijaihesabu, na kwa kuwa injini yenyewe inavuta hewa kidogo hicho kidogo kinaonekana kikubwa. Ukifungua throto mvuto unapungua na hewa halali inakuwa nyingi, kitundu kile kile kinamezwa. Na hiyo 1.2 ndo hewa iliyopita kwenye sensa. Lita 1.8 yenye moto mara nyingi unategemea karibu na gramu 2. Iliyobaki inapitia mlango wa uani.

Kwa hiyo @chuma_chakavu samahani mkuu, huo mpira wa mikunjo uko mbele ya throto, hapo mvuto ni mdogo. Ukichanika trimu huwa inasumbua kwenye raundi zote, na mara nyingi gari inastuka ukiingiza gia kwa sababu injini inajivuta na kuufungua mpasuko. Uangalie ndio, haugharimu kitu, ila namba zinanipeleka kwingine.

bibi_gia:
Naongezea hapo. Hiyo hesabu ni ya gari zenye sensa inayopima hewa. Yangu haina, inapima presha ya manifoldi tu, na ilipopasuka mpira haikuleta P0171 kabisa, ilichofanya ni kupandisha raundi mpaka 1300 haishuki, kwa sababu kompyuta iliona hewa imeongezeka ikamwaga mafuta ya kutosha. Watu wananakili ushauri wa gari nyingine halafu wanashangaa.

Na hiyo dawa ya kabureta jamani muwe makini. Mimi iliwahi kushika moto kwenye manifoldi ya eksozi, nikapoteza nyusi za upande mmoja nikakaa mwezi mzima nachekwa. Siku hizi natumia chupa ya maji yenye kupuliza, maji yakipita kwenye mpasuko unasikia injini inabadilisha sauti, sekunde moja tu.

SpanaKumi:
Hahaha pole bibi. Ila mkuu mwenye gari, kupuliza juu kusipoleta kitu hakujasema huna tatizo, manifoldi ina tumbo pia. Fanya hivi: injini ikiwa sailensi na skana imewaka, chukua plaizi ufunge kitambaa kwenye meno yake, bana mpira mmoja mmoja unaoingia kwenye manifoldi. Wa busta ya breki, wa valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili ya injini kwenye manifoldi), wa mvuke wa tangi la mafuta. Bana, hesabu kumi, angalia trimu ya muda mfupi. Ukibana wenye kosa itashuka kwa kasi kwenda hasi. Wa PCV ubane pale unapoingilia kwenye manifoldi kabisa.

dereva_wa_zamu:
Wakuu!! Busta hakuna, mvuke hakuna. Wa PCV nikaupeleka mkono chini ya manifoldi kwa kupapasa maana hauonekani, nikabana, trimu ikaanguka mpaka -17 na injini ikatulia tuli. Nimeuchomoa, kona yake imelainika kwa oili kama ulimi, na upande wa chini una mpasuko unaingia kucha. Ndo maana nilivyopuliza kwa juu haikusikia. Nimeweka mpya na valvu yake nikafuta hitilafu. Leo siku ya nne: sailensi +3, raundi 700 haichezi. Ila asubuhi ikiwa ya baridi inasoma +9 kama dakika tano hivi ndo inashuka. Nijali?

SpanaKumi:
Kama inapungua ikipata moto nashuku gasketi ya manifoldi imekauka, chuma kikitanuka inaziba yenyewe. Kaza nati kuanzia katikati ukienda pembeni kwa spana ya kipimo, manifoldi ikiwa ya plastiki usitumie nguvu utaipasua. Ukishakaza bado iko vile vile, badilisha gasketi.

bibi_gia:
Na kupuliza maji upulize asubuhi hiyo hiyo kabla haijapata moto, ukichelewa hutaona kitu.

dereva_wa_zamu:
Sawa bibi, kesho alfajiri naamka na chupa. Zile koili mbili za zamani kumbe nzima, nimezirudisha kwenye boksi.