Mrejesho: baiskeli ya chuoni Tsukuba

Wakuu, niliuliza kama baiskeli ina umuhimu pale Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, na maegesho yakoje. Asanteni sana, nimenunua ya mtumba. Kampasi ni ndefu mno toka kaskazini hadi kusini, kwa miguu kipindi kinakupita. Muuzaji alinipa hati ya kuhamisha umiliki, kwenye duka la baiskeli wakanisajilia upya kwa jina langu na kubandika stika kwenye fremu. Bila hati hiyo msinunue kwa mtu! Asubuhi maegesho ya karibu na madarasa hufurika, usukani wako unanasa kwenye waya za breki za jirani, kwa hiyo mimi naegesha kwenye maegesho ya mbali kidogo. Kuendesha huku umeshika mwavuli ni kosa kisheria, nunueni koti la mvua. Helmeti pia, tangu Aprili 2023 sheria inahimiza kila mwendeshaji avae.