Dona na sembe: kwanini cha zamani kimekuwa ghali na watoto hawakitaki?

MamaPacha_Mbagala

Wakuu habari za jioni. Naomba kueleweshwa maana nyumbani kwangu unga umegeuka kesi.

Mama mkwe kaja kutoka Kongwa, kule Dodoma, hii wiki ya tatu sasa, na kaja na debe lake la dona (unga wa mahindi yasiyokobolewa) kwa sababu anasema sembe ya mjini, huu unga mweupe uliokobolewa, ni gundi ya kubandikia mabango, siyo chakula. Siku ya kwanza nikapika dona yake. Mapacha wangu (miaka 6) wakaangalia sahani wakasema mama ugali umechafuka. Baba yao naye badala ya kunisaidia akacheka, yeye kasoma bodingi kala dona miaka sita na maharage yenye wadudu, anasema aliapa siku akianza kujitegemea haingii tena mdomoni mwake. Kwahiyo sasa hivi napika sufuria mbili za ugali kila usiku, gesi inaisha hiyo mimi ndo najua.

Sasa debe linakaribia kuisha nikaenda supamaketi kumtafutia bibi dona, nikakuta pakiti ya dona iko juu kuliko ya sembe ya kilo hizohizo! Nikabaki nimesimama pale kama nimepotea. Yaani kitu ambacho hakijakobolewa, kazi imepungua, ndo kinauzwa ghali? Na ni kweli sembe haina kitu kabisa au bibi ananitisha tu?

FundiKinu

Mtoa mada mimi niko kwenye mashine maeneo ya Manzese mwaka wa kumi na moja, ngoja nikwambie bila kuficha.

Punje ya mahindi ina ganda, ina kiini, halafu ule wanga mweupe. Tukikoboa tunatoa ganda na kiini, na kiini ndo kwenye mafuta na vitamini nyingi, vyote vinaenda kwenye pumba. Gunia la kilo 100 ukilikoboa sana unatoka na kilo 70 na kitu za sembe. Zilizobaki usidhani tunamwaga, mwenye kuku na mwenye ng'ombe wanazipigania, kuna miezi pumba ndo inalipa umeme. Wengine wanaloweka mahindi siku mbili tatu kabla ya kusaga ili unga utoke mweupe pee, na hapo unapoteza zaidi, ila wateja wanaupenda ule balaa.

Kwanini viwanda vinapenda sembe, sababu kubwa ni duka. Yale mafuta ya kwenye kiini yanaoza, dona ukiiacha wiki kadhaa kwenye joto la Dar inaanza uchungu na harufu, sembe inakaa dukani miezi haina habari. Mwenye kiwanda anataka unga wa kusafirisha mpaka Mtwara ukae stoo uuzwe polepole. Mlaji kazaliwa kakuta unga mweupe dukani akajua huo ndo unga wenyewe.

Na bei ya dona supamaketi, kuna kisingizio cha kweli kidogo, inabidi mahindi yachambuliwe vizuri sababu kwenye dona kila kitu kinaingia, na zile pakiti zisipouzwa haraka zinarudishwa. Ila nisiwadanganye, sehemu kubwa ni kwamba anayeinunua siku hizi ni mtu kaambiwa na daktari sukari imepanda, na huyo habishani bei.

Nenda mashine yoyote na mahindi yako usagiwe, utalipia kusaga tu, kukoboa hakuna.

Mstaafu_wa_Reli

Hahaha watoto wa siku hizi. Mwanangu, sisi tuliokula unga wa njano wa msaada kutoka Marekani miaka ile ya njaa ya 1974 tuliuita unga wa Yanga, na watu wa Simba walikula vilevile, njaa haina timu. Hiyo dona mnayoikimbia tulikuwa tunaitafuta kwa foleni.

Na huyo mkweo wa Kongwa muulize mama yake alikuwa anakula nini, atakwambia uwele na mtama. Mahindi yenyewe yalikuja na Wareno kutoka Amerika, yakawakuta Wagogo na ugali wao mweusi wa uwele wametulia zao. Kila kizazi kinalilia ugali wa bibi yake.

Bwana_Shamba_Doto

Naongezea jambo ambalo wapenda dona hawapendi kulisikia. SUMUKUVU. Ile sumu ya ukungu inakaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwahiyo ukikoboa unaipunguza sana, ukisaga dona ya mahindi yaliyovunda umeibeba yote mpaka mezani. Na kupika hakuiui, chemsha mpaka asubuhi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua watu 68 wakafa 20, na ilikuwa mahindi ya nyumbani kabisa, wala siyo ya kiwandani. Kenya mwaka 2004, hasa kule Makueni na Kitui, walikufa 125.

Sisemi usile dona, mimi mwenyewe nakula. Nasema angalia mahindi kabla ya unga. Toa punje zilizopauka, zenye rangi ya kijani au nyeusi, zilizotobolewa na wadudu. Kujua kama yamekauka chukua chupa kavu ya glasi, tia chumvi kavu kidogo na mahindi, tikisa kama dakika tatu. Chumvi ikiganda kwenye chupa bado yana unyevu, usiweke stoo. Tena siyo kuyamwaga chini kwenye udongo kuanika, tandika turubai.

Kuhusu sembe kutokuwa na kitu, kanuni za kuongeza virutubishi zipo tangu 2011: madini chuma, zinki, B12 na asidi ya foliki, hiyo ya mwisho ndo inapunguza watoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kwenye ngano na viwanda vikubwa utaikuta. Tatizo sembe nyingi tunayokula inatoka mashine ndogo za mtaani ambazo hazina kifaa cha kuchanganyia. Tafuta ile nembo ya kuongezwa virutubishi kwenye mfuko, isipokuwepo basi bibi ana hoja.

Kamau_wa_Nax

Wadau wa TZ mko na bahati ya kubishana hivi 😂 Huku Nakuru unga ya dukani ni nyeupe ya pakiti, na hiyo ya posho mill unasiagiwa mahindi yako, nyumba nyingi wanaona ni ya watu wa kijijini. 2017 kabla ya uchaguzi serikali ilileta unga ya bob 90 kwa kilo 2, watu walipanga laini, hakuna mtu aliuliza kama imekobolewa.

MamaPacha_Mbagala

Asanteni sana jamani, nimejifunza kuliko darasani. FundiKinu umenifungua macho kuhusu pumba, kumbe mimi nanunua unga halafu kuku wa jirani ndo anakula kiini.

Nimemsomea mama mkwe habari ya sumukuvu, akanyamaza kidogo, halafu akamwaga kilichobaki kwenye debe juu ya ungo akaanza kunusa. Kasema kiko sawa. Mambo ya uwele kacheka, kumbe kweli mama yake alikuwa hataki mahindi.

Jana nimejaribu kuchanganya nusu kwa nusu, nikawapa watoto na dagaa wa nazi sikusema kitu. Mmoja kala. Wa pili kaniangalia kwanza usoni. Baba yao ndo kaonja kijiko kimoja akasema "hii naijua" akasukuma sahani 🙄

FundiKinu swali la mwisho, Jumapili mnafungua? Na mnapokea kilo ngapi kuanzia, maana gunia zima sina pa kuliweka.

FundiKinu

Tunafungua saa saba baada ya watu kutoka ibada. Hata kilo 10 tunasaga ila uvumilie foleni. Saga ya wiki mbili tu usizidishe, na njoo na mfuko mkavu, siyo ule uliobebea samaki kama dada mmoja wa juzi.